Lori Kuukuu la Jeshi: Somo la Kulifufua Nyumbani

Mtu akisafiri kutoka Korogwe kwenda Handeni hakosi kuona gari kuukuu limekaa chini ya mwembe, tairi zimeshuka upepo na kuku wanataga katika kiti cha dereva. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulihesabu kwa kilo. Mwenye gari naye husema, "Tutalitengeneza," na miaka hupita.

Makala haya yanaeleza jinsi lori moja la namna hiyo lilivyorudishwa barabarani. Ni lori la jeshi aina ya Bedford QL ambalo ukoo wetu umelikalia muda mrefu. Mimi, mdogo wangu ambaye ni dereva, na fundi mmoja mzee aliyestaafu katika gereji ya shamba la mkonge, tumelifanyia kazi uani kwangu Korogwe, ili lipeleke maji shambani kwetu upande wa Handeni, ambako kiangazi huwatesa watu na mifugo. Baadhi ya wanafunzi wa Kidato cha Tatu walikuja siku za Jumamosi kupima na kupiga hesabu, na ndio walioniomba niandike.

Neno langu kubwa ni hili: gari ni mwili mmoja. Ukibadili kiungo kimoja, viungo vingine navyo vitadai mabadiliko. Na mtu anayelipa gari nguvu mpya ya kwenda, hana budi kulipa kwanza nguvu ya kusimama.

ASILI YA MALORI HAYA

Nchi yetu ya Handeni na Korogwe imeyajua magari ya vita tangu zamani. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, lakini Handeni ilibaki mbali na reli. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Uingereza, yakiongozwa na Jenerali Smuts, yalipita Korogwe yakaingia Handeni, yakiwafuata Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea Reli ya Kati. Farasi na ng'ombe wa kukokota mizigo walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo. Motokaa zilikwama katika mchanga na tope, na askari wakapata njaa kwa kuwa chakula kilichelewa nyuma. Mzigo mwingi ulichukuliwa na wapagazi, na wengi wao walipoteza maisha katika vita ile.

Motokaa nyingi za siku zile zilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Gurudumu la nyuma likizama, gari limekwisha. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi yalitaka malori ambayo magurudumu yote manne huvuta. Kampuni ya Vauxhall ya Luton, Uingereza, iliyotengeneza malori ya Bedford, ikaunda aina ya QL. Ilitengenezwa tangu 1941 hata 1945, na jumla yake ilizidi 50,000. Injini yake ilikuwa ya petroli, silinda 6, ukubwa wa lita 3.5 na nguvu ya farasi 72. Ilichukua mzigo wa tani 3, na mwendo wake wa juu ulikuwa maili 38 kwa saa, yaani kilomita 61. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya mwendo, tutairudia.

Wakati wa vita ile vijana wengi wa Afrika Mashariki walijifunza jeshini udereva na ufundi wa motokaa. Vita ilipokwisha, mali za jeshi zilizobaki ziliuzwa, na magari ya vita yakaanza kufanya kazi za raia. Mpango wa Karanga, ulioanza Kongwa mwaka 1947, ulitumia matrekta na malori mengi yaliyobaki vitani. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mitambo mingi ya mpango ule iliharibika upesi, maana vipuri vilikuwa haba, mafundi na karakana havikutosha, na ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu. Fundisho lake halijapitwa na wakati: mtambo bila vipuri na fundi ni mzigo tu.

Ndiyo sababu tuliamua kuwa lori letu lisirudi jinsi lilivyokuwa mwaka 1945. Bedford waliacha kutengeneza malori makubwa mwaka 1986, na kipuri cha injini ya QL hakipatikani dukani Korogwe. Tulibakiza chesisi, ekseli, springi na kibanda cha dereva. Injini, umeme na baadhi ya sehemu za breki tukaazimia kuweka za kisasa, za aina ambayo fundi yeyote wa mjini anaifahamu.

KUPIMA KABLA YA KUFUNGUA

Jambo la kwanza si spana, bali daftari. Tulisoma namba iliyogongwa katika chesisi tukailinganisha na kadi ya gari. Tulipima umbali baina ya ekseli, urefu wa chesisi na nafasi iliyopo chini ya kifuniko cha injini. Nafasi hiyo ni finyu, kwa sababu katika QL dereva hukaa juu kwa mbele, sambamba na injini, wala si nyuma yake kama katika malori mengine ya zamani. Kisha tuligonga chesisi yote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Palipoliwa na kutu hulia kwa sauti nzito, kama debe lenye mchanga. Letu lilikuwa zima, ila mahali pawili penye mabano ya springi za nyuma.

Kila kitu kilichofunguliwa kilitiwa katika kopo lake na kufungiwa karatasi yenye jina. Kazi hii huonekana ya kitoto, lakini fundi asiyeifanya hubaki na nati mkononi asizojua zilikotoka.

MAGURUDUMU: NATI NYEKUNDU

Kabla ya kuligusa gurudumu lolote, fundi wetu alituita sote, wanafunzi pia, akatuonyesha jambo ambalo lazima niliandike kwa mkazo.

Rimu za malori mengi ya jeshi la Uingereza wakati ule hazikuwa kipande kimoja. Zilikuwa vipande viwili, vilivyokumbatia tairi kutoka pande mbili na kufungwa pamoja kwa nati. Ukiitazama rimu unaona duara mbili za nati. Duara ya ndani, iliyo karibu na kikombe cha ekseli, hulishika gurudumu lisitoke katika gari. Duara ya nje, iliyo karibu na tairi, hushika vile vipande viwili vya rimu. Jeshini nati za duara ya nje zilipakwa rangi nyekundu, ili mtu asizifungue tairi likiwa na upepo.

Kwa nini? Wanafunzi walipiga hesabu. Tuseme tairi lina upepo wa kilo 4 juu ya kila sentimita moja ya mraba, na upepo huo unakisukuma kipande cha rimu chenye eneo la sentimita za mraba 1,000. Msukumo ni 4 mara 1,000, yaani kilo 4,000. Tani nne zinangoja nyuma ya nati zile! Anayezifungua tairi likiwa na upepo atarushiwa chuma usoni, na huenda asipate nafasi ya kujuta.

Katika lori letu rangi nyekundu ilikuwa imekwisha fifia, na chini ya tope nati zote zilifanana. Kwa hiyo kanuni yetu ilikuwa hii: kwanza toa sindano ya vali, ngoja mpaka upepo wote utoke, choma waya katika vali uhakikishe haikuziba, ndipo ushike spana. Tulipomaliza tulizipaka upya nati za nje rangi nyekundu. Yeyote atakayelirithi lori hili atazikuta zinamwonya.

BREKI KABLA YA INJINI

Mdogo wangu alikuwa amekwisha pata injini ya dizeli ya Mitsubishi Canter, aina ya 4D32, pamoja na giaboksi yake. Injini hiyo ina silinda 4 na ukubwa wa lita 3.5 na zaidi kidogo, karibu sawa na ile ya zamani, lakini nguvu yake ni kubwa zaidi. Alitaka kuipachika siku ile ile.

"Kaka," aliniambia, "tuitie injini kwanza. Likinguruma, watu wataamini kuwa ni gari."

Fundi mzee aliacha kufuta mikono. "Hata simba hunguruma, mwanangu. Lakini ukimwambia asimame, atasimama?"

"Lakini shikamoo, Mzee, breki si zipo?"

"Marahaba. Zipo kama meno ya mzee yalivyopo. Tuzitazame."

Tulizitazama. Mpira wa silinda za magurudumu ulikuwa umekauka na kupasuka. Mabomba ya chuma yalikuwa na kutu kwa ndani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa miaka mingi hula chuma, na breki zikipata moto maji yale huchemka, yakawa mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Dereva hukanyaga pedali ikashuka mpaka chini, na gari likaendelea kwenda.

Tulibadili mabomba yote, mipira yote na lainingi zote. Vumbi la lainingi kuukuu hatukulipuliza kwa upepo, kwa sababu lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu na kuleta saratani baada ya miaka mingi. Tulilimwagia maji, tukalifuta kwa vitambaa vibichi, tukavitia katika mfuko na kuufunga. Wanafunzi siku hiyo hawakuruhusiwa kuingia uani.

Mwanafunzi wa fizikia atauliza: mguu wa mtu mmoja unawezaje kusimamisha tani sita? Jibu la kwanza ni kanuni ya Pascal. Ukisukuma mafuta yaliyofungiwa katika bomba, kanieneo huenea sawasawa kila mahali. Pistoni ndogo chini ya pedali husukuma pistoni kubwa zaidi katika magurudumu, na nguvu huongezeka kwa kadiri ya eneo.

Jibu la pili ndilo lililotuletea kazi. QL ina kisaidizi cha breki, ambacho mafundi wetu hukiita busta. Ndani yake mna kiwambo. Upande mmoja hutolewa hewa na kufanywa ombwe, upande wa pili huingizwa hewa ya kawaida dereva akanyagapo. Hewa inayotuzunguka hukandamiza kwa nguvu ya kilo moja hivi juu ya kila sentimita ya mraba. Tuseme kiwambo kina kipenyo cha sentimita 20. Eneo lake ni sentimita za mraba 314. Ombwe likiwa theluthi mbili ya ombwe kamili, hewa itasukuma kwa nguvu ya kilo 210 hivi. Huo ni msaada wa watu watatu wazima wakimsaidia dereva kukanyaga.

Sasa, ombwe hilo hutoka wapi? Katika injini ya petroli hutoka katika bomba la kuvutia hewa. Kabureta ina kilango. Dereva akiacha kukanyaga mafuta, kilango hufunga, pistoni zinavuta hewa isiyopatikana, na ombwe hufanyika bila gharama. Injini ya dizeli ya namna yetu haina kilango. Huvuta hewa tele wakati wote, na mwendo hutawaliwa kwa kupunguza dizeli tu. Katika bomba lake hakuna ombwe la kutosha.

Basi, mtu akitoa injini ya petroli katika lori kuukuu, akatia ya dizeli bila kufikiri, gari litawaka vizuri, litavuta vizuri kuliko zamani, na wote watashangilia. Lakini atakuwa amelinyang'anya lori wale watu watatu waliosaidia kukanyaga breki. Hapati habari mpaka afike mteremkoni na mzigo.

Dawa yake ipo katika Canter yenyewe. Altaneta ya injini ile ina pampu ndogo ya ombwe nyuma yake, inayozungushwa na ukanda ule ule na kulainishwa na oili ya injini. Tuliiunganisha na busta ya lori kwa bomba imara lisilonywea. Kati yake tuliweka tangi dogo la akiba na vali ya njia moja, ili injini ikizimika ghafla akiba ibakie. Mbele ya dereva tuliweka saa ya kuonyesha ombwe. Sheria ya lori letu ni kwamba halitoki uani mpaka mshale wa saa hiyo ufike mahali palipotiwa alama.

KUPACHIKA INJINI

Sehemu hii ilikuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Katika QL giaboksi kubwa imetengana na ile ndogo inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Baina yao mna propela fupi. Kwa hiyo tuliweka injini ya Canter na giaboksi yake pamoja, tukatengenezesha propela fupi mpya yenye kichwa cha Canter upande mmoja na cha Bedford upande wa pili. Mambo mawili yalihitaji uangalifu. Kwanza, propela ilisawazishwa kwa mashine, maana ikiwa nzito upande mmoja hutikisa na kuvunja beringi. Pili, mishipi ya injini iliwekwa kwa kipimo, ili pembe za msalaba wa mbele na wa nyuma ziwe sawa.

Rejeta tuliichukua ile ya Canter. Tangi la petroli la zamani hatukulichomea wala kulikata. Tangi lililokaa tupu miaka mingi laweza kubaki na mvuke wa petroli, na cheche moja yatosha kulilipua. Tulinunua tangi jingine.

Giaboksi ya Canter ina gia ya tano inayoongeza mwendo. Mdogo wangu aliipenda. Tulikaa chini, na mwanafunzi mmoja msichana akatupigia hesabu ubaoni. Nishati mwendo ni nusu ya uzito ukizidishwa kwa mraba wa mwendo. Lori na mzigo ni kilo 6,000. Kwa kilomita 60 kwa saa nishati ni juli 833,000 hivi. Kwa kilomita 80 ni juli 1,480,000 na kitu. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuigeuza kuwa joto imekaribia kuwa maradufu. Na breki zile ziliundwa kwa gari la kilomita 61 kwa saa!

Mdogo wangu alitazama ubao kwa muda. Kisha mwenyewe akachukua bamba la chuma, akaizuia njia ya mkono wa gia, usiweze kuingia ya tano.

UMEME: VOLTI 12 NA VOLTI 24

Lori la zamani lilitumia volti 12. Injini ya Canter hutumia volti 24, kwa betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Je, taa za zamani zaweza kutumika? Taa ya volti 12 na wati 36 hupitisha ampea 3, na ukinzani wake ni omu 4. Ukiipa volti 24, ukinzani usipobadilika, ampea zitakuwa 6, na wati 144. Volti mara mbili, joto mara nne. Waya wa taa utakatika mara moja. Kwa kweli ukinzani huongezeka kidogo waya ukipata moto, lakini taa haitaokoka.

Tulibadili taa zote, pamoja na nyaya zote, maana mipira ya nyaya za zamani ilikuwa ikimomonyoka mkononi. Kila mkondo wa umeme tuliupa fyuzi yake. Vipo vyombo vichache vya volti 12 tulivyotaka kutumia. Wengi hukata njia ya mkato kwa kuchukua umeme katika betri moja kati ya zile mbili. Si vema. Betri hiyo huchoka, mwenzake huzidishiwa chaji, na zote mbili hufa mapema. Tuliweka kifaa kidogo cha kushusha volti 24 kuwa 12.

TANGI LA MAJI

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hesabu yake haina siri. Lori la tani 3 halifai kubeba tangi la lita 3,000, kwa sababu tangi lenyewe lina uzito. Tuliweka la lita 2,500, na pamoja na chuma chake na vifungio hatufiki kilo 3,000.

Maji si gunia la mahindi. Yakiwa nusu ya tangi huenda mbele na nyuma, kushoto na kulia. Dereva akifunga breki, maji hukimbilia mbele. Akikata kona, huegemea upande na kutaka kulipindua gari. Kwa hiyo ndani ya tangi tulichomea kuta tatu zenye matundu. Maji hupita polepole, yasiweze kuruka yote pamoja. Na kanuni ya safari ni tangi lijae kabisa au liwe tupu kabisa.

Ekseli ya mbele huunganishwa tu katika tope au mchanga. Barabara ya Korogwe kwenda Handeni, kilomita 65 hivi, siku hizi ni ya lami. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika tope huteleza kidogo na kujirekebisha. Katika lami kavu hayatelezi, na propela na gia hujipinda hata kuvunjika.

KULIJARIBU

Lori lilijaribiwa kwa hatua: kwanza uani, kisha barabara tambarare likiwa tupu, kisha na tangi lililojaa, na mwisho mteremkoni. Baada ya kila hatua tulipapasa vikombe vya magurudumu. Kimoja kikiwa na moto sana kuliko vingine, breki yake inashika. Kikiwa baridi, haifanyi kazi.

Kabla ya siku ya mteremko, mdogo wangu alisema, "Kaka, sisi madereva tukifika mteremkoni huzima injini, gari likajiendea. Tunaokoa mafuta."

Sikubishana naye. Nilimwomba akae kitini, gari likiwa uani na injini ikiunguruma, akanyage breki. Ilikuwa laini. Nikamwambia azime injini, akanyage tena. Bado ilikuwa laini kidogo, kwa ajili ya ile akiba. Akakanyaga mara ya pili, mshale ukashuka. Mara ya tatu pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Alikanyaga kwa miguu miwili, akiwa ameshika usukani, na pedali haikusogea ila kidogo.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Kumbe," akashuka.

Tena, faida yenyewe ya mafuta ni ndogo mno. Gari la dizeli likishuka likiwa katika gia, huku mguu haukanyagi mafuta, pampu hukata dizeli, na magurudumu ndiyo huizungusha injini. Injini huwa breki ya bure, pampu ya ombwe inafanya kazi, na dizeli haitumiki. Anayezima injini anauza uhai wake kwa akiba isiyokuwepo.

SHERIA NA ADABU

Kadi ya gari huandikwa namba ya injini. Tulipobadili injini tulipeleka habari Mamlaka ya Mapato Tanzania pamoja na hati ya ununuzi, na gari likakaguliwa na polisi wa usalama barabarani. Rangi ya kijani ya jeshi tuliiacha, tukalipaka rangi ya maziwa, ili lisidhaniwe kuwa la jeshi.

Juu ya tangi hapandi mtu. Jamaa huomba, "Nipandishe hapo juu, nashuka njia panda tu." Ni vigumu kumnyima jamaa. Lakini asiyekubali kupakia watu hulaumiwa siku moja, na anayekubali aweza kujilaumu maisha yake yote.

Lori sasa linakwenda Handeni mara mbili kwa juma wakati wa kiangazi, kwa mwendo usiozidi kilomita 60. Mabasi hulipita, na vijana wa bodaboda hulicheka. Maji hufika.

MASWALI YA KUJARIBU

1. Kiwambo cha busta kina kipenyo cha sentimita 25. Ombwe ni nusu ya ombwe kamili. Hewa itasaidia kwa nguvu ya kilo ngapi?

2. Taa ya volti 24 na wati 36 hupitisha ampea ngapi? Kwa nini nyaya zake zaweza kuwa nyembamba kuliko za taa ya volti 12 yenye wati hizo hizo?

3. Lori la kilo 6,000 linakwenda kilomita 40 kwa saa. Tafuta nishati mwendo yake, uilinganishe na ile ya kilomita 80 kwa saa.

4. Mtu ana tangi la lita 4,000 na lori la tani 3. Anasema atajaza robo tatu tu, kwa hiyo hana hatari. Toa sababu mbili za kumpinga.

5. Tafuta gari moja kuukuu karibu na kwenu. Kwa ruhusa ya mwenyewe, na bila kufungua kitu chochote, andika orodha ya sehemu zake ambazo vipuri vyake hupatikana katika mji ulio karibu, na zile ambazo havipatikani. Kisha mweleze mwenyewe lipi la kwanza kutengenezwa, na kwa nini.